Mnyororo Uliokatika Bamburi

Linda Mramba alikuwa mhandisi katika karakana moja ya Changamwe inayotengeneza winchi za bandarini. Mchana alishughulika na vyuma vilivyochakaa. Muda wake mwingine wote aliutoa kwa jambo moja: kusanifu jukwaa la kuelea la kubebea mtambo wa umeme wa upepo. Bahari ya pwani hii huingia kina upesi, wala si rahisi kusimika nguzo huko chini.

Alitumia programu huria, ambayo mtu yeyote aweza kuichukua bure, akaifungua ndani na kuirekebisha. Unaieleza unene wa vyuma, urefu wa minyororo ya nanga, upepo na mawimbi. Nayo hujaribu maumbo mengi mno mpaka ipate lililo jepesi kuliko yote na ambalo halitapinduka.

Yeye ilimpa jukwaa la miguu mitatu, jembamba kuliko alivyotarajia. Habari zikafika kwa kikundi cha wahandisi, wakamwalika aje alieleze kwenye mkutano wao Mkomani. Mamake, Florence, muuguzi mstaafu aliyeishi naye Port Reitz, alimshonea gauni na kuwatangazia akina mama wote wa kanisani.

"Picha za kompyuta hazinitoshi, mama," Linda alisema. "Nataka nilione likielea kwanza."

Wafula, mchomeleaji wa karakana, alimuundia mfano mdogo wa bati. Jumamosi asubuhi wakaupeleka Bamburi, kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kwa ruhusa ya mwenyewe. Waliufunga kwa minyororo mitatu, mmoja ukiwa na mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki. Wafula akawa anasukuma ubao mpana majini kutengeneza mawimbi.

Mwanzoni jukwaa lilitulia vizuri. Wafula alipoongeza nguvu, mnyororo ulilegea, ukalala juu ya maji, kisha ukavutwa ghafla. Pete ikakatika. Jukwaa likazunguka, likalala ubavu, likapinduka.

Wafula aliingia majini akalitoa, akalikagua. "Mahali nilipochomelea pako sawa. Ni pete imeachilia."

Linda alitazama mizani. Programu ilikuwa imesema mvuto hautafika hata nusu ya ule.

"Si uende tu na zile picha," Wafula alisema. "Nani atakuuliza mambo ya Bamburi?"

"Nitajiuliza mwenyewe."

Kule Mkomani alisimama mbele ya watu na gauni lake jipya. "Mlinialika nilete jukwaa," alisema. "Limepinduka Jumamosi, na bado sijui kwa nini. Siwezi kuwaambia kwamba linafaa."

Viti vikaanza kusogezwa. Mwenyekiti, mzee Gershom, alimtazama juu ya miwani. "Binti, ungetupigia simu tu."

Uso ulimwaka mpaka alipofika nyumbani. Florence alimsikiliza huku akichambua mchicha, naye hakufurahi.

"Kwa hiyo akina mama nitawaambia nini?"

"Waambie limepinduka."

Florence aliweka mchicha kando. "Basi itafute hiyo sababu, mwanangu. Hayo ya kanisani niachie mimi."

Linda akawa anaamka mapema, anasoma msimbo wa programu mstari kwa mstari kabla ya kwenda kazini. Sehemu kubwa hakuielewa mara ya kwanza, akairudia. Mwishowe alipaona. Programu, ili iweze kujaribu maumbo mengi kwa haraka, ilichukulia kwamba mnyororo daima umekaza kiasi. Mnyororo unaolegea kisha ukashtuliwa haukuwemo katika hesabu zake. Kila ilipopunguza uzito wa jukwaa ilijipongeza, kumbe ilikuwa inalisogeza kwenye mishtuko hiyo.

Aliwaandikia wasimamizi wa programu. Mmoja wao, mama wa Kireno, alimjibu kwa adabu kwamba huenda kosa ni la mfano wake. Mnyororo wa dukani hauwezi kuwa kipimo cha ule wa baharini.

Jibu lile lilimuuma, kwa sababu alipolipima aliona lina ukweli. Mnyororo wake ulikuwa mzito mno kwa jukwaa dogo kama lile. Alitafuta mwembamba zaidi, wakarudi Bamburi Jumamosi baada ya Jumamosi. Mvuto ulipungua, lakini bado uliizidi mbali hesabu ya programu. Akatuma vipimo, video, na marekebisho aliyoyaandika, akikiri wazi pale alipokosea.

Safari hii yule mama aliyajaribu mwenyewe. "Nimeuona mshtuko," aliandika. "Ila kwa marekebisho yako programu imekuwa nzito mno. Kazi ya saa moja inachukua siku nzima. Hakuna atakayeitumia."

Linda aliyaandika upya marekebisho yake. Yalikataliwa tena, kwa kosa dogo. Mara ya tatu aliiagiza programu ifanye hesabu ndefu kwa yale maumbo tu ambayo minyororo yake inakaribia kulegea. Asubuhi moja alikuta yamepokewa, na jina lake limewekwa pamoja na majina ya watengenezaji wengine. Alimwita mamake aje aone. Florence alilisoma jina lile kwa sauti, akauliza kama limeandikwa sawasawa.

Siku hiyohiyo Linda aliipa programu jukwaa lake. Ikalikataa. Ikamtolea jingine, pana na zito zaidi, akauchapisha mchoro wake na kumpelekea Wafula karakanani.

Wafula alilipima kwa macho. "Hili haliingii karakana yoyote ninayoijua hapa, injinia."

"Ndiyo. Tuligawe vipande vitatu, tuviunganishe vikiwa vinaelea."

"Nichomelee nikiwa nimeshikilia wimbi?"

"Hapana, kwa boliti."

Wafula alichukua chaki, akapiga magoti, akaanza kuchora kiungo sakafuni. Alikifuta kwa kiganja, akachora kingine kinene zaidi. Linda alivuta kigoda akaketi kando yake, akafungua kompyuta.

"Nipe unene wa hilo bamba la kiungo," alisema.