Mahubiri ya Karatasi

Ishbel alikuwa amebakiza sanduku moja tu la kufungasha. Mchungaji mpya wa Kipresbiteri angehamia nyumba ile Jumatatu, na mchonga mawe alikuwa jikoni tangu asubuhi, akinywa chai, akingoja maneno ya kuchonga kwenye kaburi la baba yake Ishbel, mchungaji aliyefariki. Ishbel alishayachagua: Alisimama na watu wake.

Ndipo akaikuta karatasi katikati ya vyeti vya ubatizo na barua za marehemu mama. Mwandiko wa baba kabisa. Mahubiri. Yalisema watu wa bondeni wanafukuzwa kwa dhambi zao, na kwamba bwana mwenye ardhi akitaka kufuga kondoo juu ya makaburi ya babu zao, hayo ni mapenzi ya Mungu.

Ishbel akaisoma tena. Magofu ya bonde lile aliyajua yote. Nyumba zilitiwa moto vikongwe wakiwa bado vitandani, na mabwana wenye ardhi hawajaomba radhi mpaka leo. Sufu ya kondoo iliwanunulia mapazia. Na wachungaji wa kanisa wa kuwabariki hawakukosekana. Baba naye?

Alikuwa akiisogeza karatasi motoni shangazi yake Effie alipoingia.

"We mtoto, unachoma nini?"

"Shangazi, baba alihubiri haya?"

Effie akaipokonya, akaisoma, akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Kumbe aliitunza! Mjanja yule!"

"Unacheka nini? Mchonga mawe ananingoja, sijui nimwambie nini!"

"Kaa chini. Ulishamwona baba yako mimbarini na karatasi?"

"Baba? Asome mahubiri? Watu wa hapa hawasikilizi mahubiri ya kusomwa, wangemwachia kanisa."

"Haya basi!" Effie akafuta machozi. "Bwana mwenye ardhi aliyaandika mwenyewe, akamwamuru baba yako ayatie Kigaeli, lugha yetu, ayasome, la sivyo atafute kazi kwingine. Kwenye kanisa la mabwana kila kitu husomwa, angejuaje kwamba kwetu karatasi hufukuza watu? Nilikuwa msichana, benchi la pili. Kaka akapanda, akaitoa karatasi, akaikunjua polepole, akainyoosha kwa kiganja mpaka wa nyuma wakaiona. Mzee Murdo akavaa kofia, akainuka. 'Karatasi! Roho Mtakatifu kamkimbia?' Tukatoka wote. Hata mbwa wa Murdo. Kaka akasoma mpaka amina, anamsomea msimamizi wa bwana peke yake, na yule Kigaeli hajui hata cha salamu."

"Na bwana?"

"Angemshitaki kwa lipi? Kaagizwa kusoma, kasoma."

"Mkanificha miaka yote!"

"Mkate wake ulitoka kwa nani? Kwa bwana huyo huyo. Alituapisha tunyamaze mpaka azikwe."

Ishbel akaichukua karatasi mkononi mwa shangazi. Bonde lilichomwa hata hivyo, hilo hakuna wa kulifuta. Lakini halikuchomwa kwa kinywa cha baba yake.

Akairudisha karatasi sandukuni, juu kabisa, akaenda jikoni.

"Maneno yapi, bibie?" aliuliza mchonga mawe.

"Yale yale. Uyachonge makubwa. Mtoto wa bwana mwenye ardhi hupita pale makaburini kwa farasi, nataka ayasome bila kushuka."