Karoti za Buluu

Karoti zilikuwa zinaporomoka tu kwenye beseni, na Mama Chungwa anazimenya hata haziangalii. Kisu kinapita, ganda linaanguka, karoti inaruka kwenye maji baridi. Jina hilo walimpa wenzake, maana viganja vyake vilishakolea rangi ya karoti, sabuni haitoi kitu. Banda lenyewe refu, bati juu, sementi chini, maji miguuni tangu asubuhi. Karoti zilizonyooka zinafungwa kwenye mifuko zinapelekwa ng'ambo. Zilizopinda na zilizovunjika zinatupwa kwenye pipa nyuma ya banda, halafu zinamwagiwa rangi ya buluu.

Kwa nini buluu? Ili mtu asile. Kuna mama alikutwa na vipande kwenye sidiria, basi msimamizi akaja na dawa hiyo. Wanamwita Nukta, kwa sababu kila akiongea anamalizia hivyo.

"Mali ya kampuni haitoki hapa kwa mfuko wala kwa tumbo. Nukta."

"Huyu akifa," wifi yake Mama Chungwa alinong'ona, wanakaa benchi moja, "kaburi lake tulimwagie buluu, funza wasimguse."

Mama Chungwa akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Jana yake, giza lilipoanza kuingia, mwanawe, ambaye ndo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa anapapasa ukuta anamtafuta. Na yeye yupo palepale, kibatari kinawaka. Mtoto anaita mama, anashika hewa. Mbaya zaidi, mama mwenyewe alimwona kama moshi tu. Wakabaki wanatafutana kwa sauti, ndani ya chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa mlango.

Mchana, wenzake wakiwa kwenye uji, akachomoka mpaka zahanati, ng'ambo ya barabara.

"Jioni unaonaje?" nesi akamuuliza.

"Watu wanaisha, nesi."

"Wanaishaje?"

"Nyuso zinaondoka kwanza. Halafu mikono. Zinabaki sauti."

Nesi aliweka kalamu chini. "Nyumbani mnakula nini?"

"Uji. Chai kavu na mkate. Mambo yakikaa vizuri, maharage."

"Na mtoto bado ananyonya? Dada, hiyo ni vitamini A imekuishia, sasa na maziwa yako hayana cha kumpa. Vidonge hatuna, gari halijaleta. Lakini dawa ni chakula tu. Majani ya kijani, boga, embe bivu, yai, ini. Tia na mafuta kidogo. Usichelewe, macho ya mtoto yakiharibika kabisa hayarudi."

"Mchicha wenyewe siku hizi fungu limekonda kama sharubu za paka."

"Basi hata karoti. Karoti si..." Nesi akaiona mikono yake.

Mama Chungwa alipotoka alimwomba nesi asiseme kwa mtu. Nukta alishawaambia, mwenye macho mabovu hashiki kisu cha kampuni.

Sasa, jioni pale bandani taa zinazimwa mapema, ili watu waondoke upesi. Wanawake wana mchezo wao wa kutoka. Wanapanga mstari, kila mmoja anaweka mkono kwenye bega la mwenzake, wanaita treni. Mbele anakaa bibi mmoja mwembamba, wanamwita Dereva. Mama Chungwa siku zote anajiweka wa mwisho, anamshika wifi yake, anacheka na wenzake. Nani atajua?

"Piii! Treni inaondoka!" Dereva akapiga kelele.

Wakazunguka ukuta wa banda. Nyuso zikaondoka, halafu mikono. Mama Chungwa akasikia harufu ya lile pipa, karoti zinazooza na rangi kali. Likapita. Wakatembea. Harufu ikaja tena. Vicheko vikapungua. Harufu ikaja tena.

"Wifi, hapa si tumeshapita?"

"Mi namfuata wa mbele yangu."

Swali likaenda mbele, bega kwa bega, kwa kunong'ona. Hapo ndipo alipousikia mkono begani kwake. Mwembamba, baridi. Yeye ni wa mwisho. Nyuma yake hakuna mtu.

"Nani huyo?"

"Mimi," sauti ya Dereva ikajibu, nyuma ya sikio lake kabisa.

"We si uko mbele?"

"Nilikuwa natafuta geti, mwanangu. Nikapata bega, nikalishika."

Wakasimama. Duara zima, kila mtu na bega lake, hakuna wa mbele. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Na wewe huoni?"

"Wifi," Mama Chungwa akasema taratibu, "tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Nilidhani niko peke yangu."

"Hata mimi," mwingine akasema. Na mwingine. Sauti tupu, zinazunguka gizani.

Mama Chungwa akaachia bega. Akaifuata harufu mpaka ukingo wa pipa ukamgonga tumboni, akazamisha mkono. Akaopoa karoti, akaguguna juu palipo na rangi, akatema, akaguguna tena mpaka ulimi ukakutana na utamu. Wenzake wakasikia, kwacha kwacha. Wakaja kwa kupapasa.

Tochi ikawaka.

"Nyie! Mnafanya nini hapo?" Ilikuwa sauti ya Nukta. Kwenye mwanga wake kulikuwa na midomo ya buluu, mingi, inatafuna, na macho yanayotazama pembeni kidogo ya pale aliposimama.

"Hizo zina rangi! Hamuoni?"

"Rangi gani, bosi?" akauliza Mama Chungwa.

Nukta akarudi nyuma hatua moja. "Kesho hamna kazi hapa! Wote! Nukta!" Kisha akamfokea mlinzi, "Wapekue!"

Mlinzi akawapeleka getini. Akapapasa mifuko, mitandio, sidiria, mpaka kwenye viatu.

"Hawana kitu, bosi."

Akafungua geti. Ni mtu mpole, kila jioni anawaaga na wao wanamtania.

"Haya, akina mama, usiku mwema."

Walipita mbele yake wameshikana mabega, wanafuata ukuta wa nje kwa vidole. Hakuna aliyemjibu. Mashavu yao yalikuwa yamejaa, na nyumbani watoto walikuwa wanangoja.