Maji Hayaugui Mafua

Mkuu wa maabara alipotazama kioo cha mashine, damu ilimchemka. Mstari wa mrija wa maji ulikuwa umepanda.

Kila alipopima vijiti vilivyoingizwa puani mwa wagonjwa, aliweka pia mrija mmoja wa maji safi, yasiyotoka pua ya mtu yeyote. Huo ndio ulikuwa shahidi wake. Maji yakilala kimya, majibu ya wengine yanaaminika. Mstari wake ukipanda, kuonyesha virusi vya mafua, uchafu umeingia mahali, na majibu yote ni ya kutupwa.

"Mama wa kitanda cha dirishani anavyo," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa daktari wa wodi ya wazazi, mdogo wa mumewe. "Nilichungulia ulipokwenda kunawa. Mstari wake umesimama kama mlingoti."

"Na wa maji, shemeji, uliuchungulia?"

"Maji yana pua? Niyatazamie nini?" Akacheka.

"Basi leo yana mafua kuliko wagonjwa wako! Njoo uone. Meza naisugua, mirija naweka mipya, kipimo narudia. Yule mama usimguse."

Kicheko kilimkauka daktari mdomoni. "Nimeshamhamisha."

Hakuuliza wapi. Chumba cha kuwatenga wenye virusi kilikuwa kimoja tu, na kikohozi chake kilisikika hadi ngazini.

"Umemtenga mtu na mtoto wake mchanga, ukamtupa kwa wagonjwa, kwa kuchungulia!"

"Nilitaka kumwokoa mtoto, shemeji."

"Ungeniuliza, ulimi ungekudondoka? Ukija kula kwangu unajua kubisha hodi. Kwenye kazi yangu hodi imekushinda!"

Alirudia kipimo meno yameumana. Safari hii maji yalilala. Mstari wa mrija wa virusi vya kujaribia, aliouweka makusudi kuhakikisha mashine inavikamata, ulipanda, kama inavyotakiwa. Mstari wa yule mama ulinyooka chini, bapa kama sakafu.

Akashuka ngazi, barakoa usoni, daktari akimfuata kama mkia.

Yule mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa maziwa kifuani, barakoa imemshuka kidevuni. Jirani yake, mkono ukiwa mbali na mdomo, alikuwa akikohoa hadi machozi.

"Jamani, niambieni ukweli. Nina virusi au sina?"

Mkuu wa maabara akamsukuma daktari kwa kiwiko. "Mjibu. Mimi nimemaliza kupima."

"Asubuhi," daktari alisema, "ulikuwa huna."

"Na sasa?"

"Sasa... umekaa na wenye virusi, itabidi tusubiri siku kadhaa, tukupime tena."

Mama akasimama. "Siku kadhaa! Na mwanangu? Siku zote hizo utamnyonyesha wewe?"

Mkuu wa maabara alifungua kinywa kumjibia shemeji yake, kama alivyozoea kumtetea mbele ya kaka yake. Akakifunga. Akasogea kando, ili yule mama amwone vizuri daktari wake.