Vikohozi vya Louisville

Jumamosi alasiri Aganze alipangusa filimbi yake ya mbao, akaketi na wenzake wa bendi katika ukumbi wa kanisa huko Hilliard, pembeni mwa Columbus. Alikuwa mwanasayansi wa hewa, na nyimbo za kale za Wales alifundishwa na profesa wake enzi za chuo. Alipopuliza, filimbi ikakohoa. Angelika, mpiga kinubi, alisema kikohozi hicho kimewahi mno, kisubiri mwisho wa ubeti. Wakaanza upya.

Aganze alikitambua. Kilikuwa cha Shangazi Cibalonza, anayeshona makochi kiwandani Louisville. Kikafuata cha Paluku, kizito, kisha cha Nyirangabo, cha kukatikakatika, wote washonaji wa hukohuko. Mwaka jana kiwanda kilimwita Aganze apime vumbi la sponji. Vipimo vilikuwa vibaya, na wakubwa wakamwomba aseme na wafanyakazi, wahamiaji waliotoka kwao, kwa lugha yao. Msomi wetu alisimama akawaambia hewa ni safi. Wakampigia makofi, maana ni mtoto wao, na damu nzito kuliko maji. Ofisi yake ikampandisha cheo.

Wiki iliyofuata, kwenye tamasha la nyimbo hizo mjini Buffalo, filimbi ilikohoa wimbo mzima. Wazee wenye asili ya Wales waliufuata mdundo kwa kutikisa vichwa. Mmoja akamwambia Aganze kuwa babu yake, mchimba makaa, alikohoa hivyohivyo. Aganze aliona aibu hadi masikio yakamchoma.

Hajaondoka ukumbini, Shangazi akapiga simu.

"Mutoto wangu, leo tulilala muzuri. Tangu tutoke zamu ya usiku, hakuna mwenye alikohola. Paluku anasema kikoholozi yake ilienda mu filimbi yako."

"Ndiyo, Shangazi. Iko huku."

"Bon, aksanti sana. Donc, basi, kesho upige tena, tupumuzike."

Neno "niliwadanganya" lilimfika kooni. Akalimeza, akasema atapiga. Shangazi akambariki kirefu, yeye, mke wake na watoto atakaozaa, naye akasikiliza kichwa chini.

Kesho yake alikaa jikoni kwake tangu asubuhi, akapiga bila kupumzika. Akakohoa Shangazi, akakohoa Paluku, akakohoa Nyirangabo. Kisha kikatoka kikohozi chepesi asichokijua, cha msichana. Kiwanda kilikuwa kimeajiri tena. Aganze alilowesha midomo, akaanza wimbo mwingine.