Muhtasari Ulionyimwa Muhuri

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Juni 2007, saa nne na robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka Kitale na baridi ilikuwa imeingia hadi ofisi ya rekodi ya hospitali.

Leila, karani wa rekodi, alikuwa ameshika faili la Wabwile, mkulima wa tumbaku kutoka Malakisi. Mchana huo Wabwile angehamishiwa hospitali ya Bungoma, karibu na kwao. Faili lingebaki. Wauguzi wa kule wangepokea muhtasari wa ukurasa mmoja na kutibu kilichoandikwa humo: maumivu ya mgongo.

Faili lilisema mengine. Eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo, kiunoni, zimekaribiana na kingo zake zimelika. Damu yake ilikuwa imeotesha bakteria maabarani. Daktari mkuu aliagiza sindano za antibiotiki kwa wiki sita, na Wabwile alikuwa amedungwa siku kumi na moja tu. Zikikatizwa, usaha ungeweza kubana neva, na miguu isimbebe tena.

Absalom, afisa wa kliniki, alikuwa amenakili kwenye muhtasari maneno ya barua ya rufaa aliyokuja nayo Wabwile, kama ilivyokuwa desturi ya wodi wagonjwa wanaporuhusiwa kwa wingi. Leila hakuruhusiwa kubadilisha hata neno. Lakini bila muhuri wake karatasi haikutoka. Akaenda wodini na faili.

Absalom alimwagiza aweke msimbo, yaani namba ya ugonjwa, wa maumivu ya mgongo, kwani gari lilikuwa linangoja. Leila alikataa.

"Ati siku hizi karani anatibu?" Absalom aliuliza. Wauguzi wakacheka.

"Sitibu, daktari. Kuandika ugonjwa ni kazi yako. Ndiyo maana nimekuletea kalamu."

"Dereva ataenda, bana."

"Aende. Muhuri sipigi."

Agneta, mke wa Wabwile, aliyekuwa akikunja blanketi, aliketi juu ya mkoba wake. "Basi hata sisi hatuendi, mwanangu. Huyu mzee nilimleta hapa akitambaa."

Absalom aliitoa eksirei failini, akaiinua dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu, na utani ukamwisha.

Aliandika: maambukizi ya diski ya kiuno, sindano za siku thelathini na moja zimebaki. Kisha akaanza kukagua mihtasari mingine kumi na mmoja. Leila aliweka msimbo M46.3, akapiga muhuri, akarudi ofisini. Dereva alilalamika hadi Bungoma. Agneta alimkabidhi muuguzi karatasi mkononi na kumsubiri aisome yote. Wabwile alidungwa sindano ya siku ya kumi na mbili.