Mahali pa Kupiga Makofi

Watu wa viti vya chini walikuja kwenye baleti ili waonekane. Sisi wa roshani ya juu tulikuja kuona. Ndivyo tulivyoamini, na imani hiyo ilitufaa badala ya mito, kwa maana mabenchi yetu yalikuwa mbao tupu. Kutoka kule juu uso wa mchezaji hauonekani vizuri, lakini sakafu ya jukwaa huwa wazi yote kama zulia lililokunjuliwa, na safu ya wachezaji ikipinda hata kidogo, mtu wa juu ndiye anayeigundua kwanza. Basi tulijiona majaji. Ukumbi wetu, ule mdogo wa kando ya mfereji, haukuwa na jina la kumbi kubwa za Leningrad, ila wachezaji wake walituogopa sisi kuliko walivyomwogopa mkurugenzi, kwa sababu mkurugenzi aliweza kubembelezwa.

Jaji mkuu alikuwa Rimma Lvovna, mwalimu mstaafu wa kemia. Hakuna aliyemchagua. Alipokutanisha viganja vyake, roshani nzima ilikutanisha viganja. Alipoikunja mikono yake mapajani, mchezaji angeweza kukata roho kule chini na asisikie kitu ila watu wakikohoa. Hukumu zake zilikuwa fupi. Juu ya mgeni mmoja aliyetoka Moskva alisema, "Anaruka vizuri. Hata sungura anaruka." Juu ya kijana ambaye magazeti yalimsifu alisema, "Uso mzuri. Ningeutia kwenye fremu nikautundika ukutani, mradi usitembee." Tulicheka, kisha tukayarudia maneno yake kazini kana kwamba tuliyatunga wenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwa na hukumu. Platon Yegorovich, fundi wa meno ya bandia, mjane, alikaa mwisho wa benchi la mbele karibu na nguzo, na tangu alipopaona mahali pale hakupaacha. Alimpenda Inessa Kalitina, mchezaji wa ukumbi wetu. Mapenzi yale hayakuwa ya kificho wala ya kutarajia chochote: baada ya onyesho alimngoja kwenye mlango wa wasanii, akambebea mkoba hadi kituo cha tramu, akamuaga kwa kuvua kofia. Naye Kalitina, kila alipomaliza kucheza peke yake, aliwainamia watu wa chini, kisha akainua macho kuelekea kwenye ile nguzo. Tulijua anatafuta nini. Alikuwa anaitazama mikono ya Platon Yegorovich. Sifa za wengine alizipokea kama mvua. Za yule fundi alizipokea kama maji ya kunywa.

Vuli ya mwaka ule Kalitina alifanya kosa. Rimma Lvovna alimpelekea maua mlangoni, na mbele ya watu wote, akiwa amechoka na bado ana rangi usoni, Kalitina akamwambia:

"Asante, mama. Lakini nawaombeni, msipige makofi katikati ya muziki. Mnapiga pasipofaa. Mnaniharibia."

Rimma Lvovna alitabasamu. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na sisi tuliomfahamu tuliona bora angetukana.

Majira ya baridi yakaja na onyesho la mchana la Jumapili, ambalo ndani yake Kalitina angecheza binti wa msaga nafaka katika baleti ya zamani iitwayo *Kinu cha Upepo*. Katika tendo la pili binti huyo huvuka jukwaa kutoka pembe hadi pembe akirukaruka juu ya ncha ya kidole cha mguu mmoja, wa kushoto, huku akicheka kana kwamba anachezea majani makavu. Kwa kawaida watu wa juu wakipendezwa hupaza sauti, "Rudia! Rudia!" na kiongozi wa okestra humtazama mchezaji. Mchezaji akitikisa kichwa kukubali, kipande huanza upya. Katika ukumbi wetu kukataa kulihesabiwa kuwa ni kukiri uzee.

Ijumaa, njiani kuelekea kituoni, Kalitina aliushika mkono wa Platon Yegorovich, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tembea polepole, ndugu yangu. Mguu una ufa kwenye mfupa."

"Basi usicheze!"

"Mkurugenzi anakuja kuniangalia. Nikimaliza salama nitapewa msimu mmoja zaidi. Nisipocheza, Jumatatu ni pensheni. Mara moja naweza, daktari amesema labda naweza. Mara mbili, hapana."

"Wakiomba urudie, ukatae."

"Wewe umeniona nikikataa?" Akacheka. "Usimwambie mtu."

Mtu mwenye busara ya kawaida angenyamaza. Lakini Platon Yegorovich alikuwa mpenzi wa baleti, na mpenzi wa baleti haamini kwamba anayeketi naye benchi moja kwa miaka mingi anaweza kuwa adui. Alidhani sote tulikuja kwa ajili ya kitu kimoja. Jumapili, kabla ya pazia, alimfuata Rimma Lvovna kwenye meza ya vinywaji, ambako alikuwa anakula mkate wenye samaki wa chumvi pamoja na Tosya, mshonaji aliyekuwa mwangwi wake.

"Rimma Lvovna, nina ombi."

"Tosya, sikia maajabu. Bwana Meno ana ombi. Haya, tema."

"Leo msimwombe Kalitina arudie."

"Kwa nini? Ameshakuwa mbovu?"

"Si mbovu!" Uso wa Platon Yegorovich ukawa mwekundu. "Ana ufa mguuni. Mara moja ataweza, ya pili hawezi. Mkurugenzi yuko pale chini. Nakuomba kama dada yangu."

Tosya aliacha kutafuna. Rimma Lvovna alijifuta midomo kwa utulivu, akaikunja karatasi ya kujifutia, akaiweka pembeni ya sahani.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto," akajibu, kwa maana aliulizwa kwa upole.

"Maskini. Umefanya vizuri kuniambia, Platon Yegorovich. Nenda ukakae, usije ukakosa mwanzo."

Alikwenda akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Tosya akanong'ona, "Kwa hiyo tunyamaze?"

"Tunyamaze? Wee Tosya, una akili kweli? Yule Kalitina aliniambia mbele ya watu kwamba sijui mahali pa kupiga makofi. Leo nitampigia mahali panapofaa."

Lazima niseme kwamba Kalitina alicheza vizuri sana. Haikuwa kwa nguvu. Nguvu alikuwa nazo kidogo. Ila hakuna kilichomtoka bure, na kila mwondoko ulikuwa umekatwa kwa kipimo chake kama nguo ya mtu anayejijua. Ilipofika ile njia ya pembe hadi pembe, alivuka. Kicheko kilikuwapo. Ncha ya kidole iligusa mbao kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Alifika mwisho, akasimama, na mkurugenzi, tuliyemtambua kwa upara wake, akaonekana akimgeukia jirani yake na kuafiki kwa kichwa.

Hapo Rimma Lvovna akasimama. Hakuwa na desturi ya kusimama.

"Rudia!"

Na roshani, iliyozoea kumfuata, ikamfuata. Wengi hawakujua lolote. Walipiga makofi kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililoyafanya makofi yale yawe na nguvu. "Rudia! Kalitina! Rudia!" Viti vya chini navyo vikashika moto. Kiongozi wa okestra aliinua fimbo yake, akamtazama mchezaji, akingoja.

Kalitina aliwainamia watu wa chini. Alikuwa anahema, na nadhani alikuwa amekwisha kuamua kukataa, kwa sababu mkono wake ulianza kwenda kifuani, ile ishara ya kushukuru na kuomba radhi. Kisha, kama siku zote, akainua macho kwenye nguzo.

Platon Yegorovich alikuwa ameketi. Katika umati uliosimama wote yeye peke yake alikuwa ameketi, na mikono yake ameikalia. Ndiyo, aliikalia kama mtoto, ili isije ikapiga kwa mazoea ikamwua anayempenda. Alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana, hapana.

Kutoka jukwaani huwezi kuona kwamba mtu analia. Unaona tu kwamba hapigi makofi.

Mkono wa Kalitina ukasimama njiani. Alitazama tena, kwa muda mrefu kuliko desturi. Kisha mkono ukashuka. Akamgeukia kiongozi wa okestra, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye pembe yake akichechemea kidogo, kama mwanafunzi aliyeambiwa somo lake halikutosha.

"Mungu wangu," alisema Tosya. "Anarudia kwa ajili yake."

"Kaa chini," alisema Rimma Lvovna. "Unaniziba."

Kalitina alifika katikati ya jukwaa. Hatukusikia mfupa ukivunjika, tulikuwa mbali mno. Tulisikia okestra ikiendelea kwa muda bila yeye, filimbi peke yake ikimaliza kicheko cha yule binti, halafu pazia.

Nje kulikuwa na theluji iliyokanyagwa na mwanga wa alasiri uliokuwa unakwisha. Wahudumu wawili wa jukwaa walimtoa Kalitina kupitia mlango wa wasanii wakiwa wamemkalisha kwenye kiti cha enzi cha malkia wa jukwaani, kwa kuwa hapakupatikana kingine, na kumsogeza kwenye gari la wagonjwa. Platon Yegorovich alisukuma watu hadi mbele.

"Platon Yegorovich," alisema Kalitina. "Ilikuwa mbaya kiasi hicho?"

"Ilikuwa nzuri kuliko zote! Naapa!"

"Usiniongopee. Niliiona mikono yako."

"Nilitaka usirudie! Nilimwomba hata Rimma Lvovna asi..."

Alijikatiza, lakini alikuwa amechelewa. Kalitina alimtazama yeye, kisha akamtazama Rimma Lvovna aliyesimama nyuma yake na kola ya manyoya, mtulivu, mwenye huzuni ya heshima.

"Ulimwambia," alisema.

Hakulia wala hakumlaani. Aliwaomba wale wahudumu wafanye haraka kwa sababu alikuwa anasikia baridi, na mkoba wake, ambao Platon Yegorovich alikuwa ameunyoshea mkono, aliuweka juu ya magoti yake mwenyewe akaukumbatia. Mlango wa gari ukafungwa.

"Kusema kweli," alisema Rimma Lvovna, "mara ya pili alianza vizuri zaidi. Usisimame hapo, baba, utaganda. Twende tukanywe chai."

Jumapili baada ya onyesho tulikunywa chai sote daima, na Platon Yegorovich hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikuja. Alipewa kiti karibu na birika, na Tosya akamwekea jamu ya cheri. Tulizungumza juu ya nani atachukua nafasi ya binti wa msaga nafaka katika majira ya kuchipua. Majina mawili yalitajwa, na la yule mchanga likapata nguvu.

"Na wewe unasemaje, Platon Yegorovich?" aliuliza Rimma Lvovna. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumjue kwamba ameulizwa. Meza nzima ilimgeukia.

Aliikoroga chai yake kwa kijiko.

"Yule mchanga," alisema. "Shingo yake ni nzuri. Ila miguu ni ya mchunga ng'ombe."

Tulicheka sana. Rimma Lvovna akamsogezea sahani ya biskuti.