Yangeyange wa Boma la Nyangwine

Mwalimu Eugenia aliletwa Matongo kutoka Rombo. Siku zile za rashi ya dhahabu, watu wote walipokuwa wanaangalia chini kuitafuta, yeye alifundisha darasa la saba kuangalia juu. Jioni walijipanga uwanjani kuhesabu yangeyange wakirudi kulala mtoni. Ukinyoosha mkono, ngumi yako inaziba ndege kumi. Basi unahesabu ngumi, ndege unawaacha wapite.

Mwaka ule ngumi zilipungua. Wanafunzi walilaumu baruti za machimbo, lakini Wegesa, msichana wa darasa hilo, alijua sababu. Yangeyange hufuata ng'ombe, na ng'ombe wa baba yake, mzee Nyangwine, waliuzwa mmoja mmoja kulipa wachimbaji wa duara lake la dhahabu. Duara likatoa maji na matope. Ada ya sekondari aliyomwahidi Wegesa ikaenda na ng'ombe hao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mzee alikuwa akisema, naye akainama mpaka boma likabaki na mavi makavu.

Ijumaa moja kundi kubwa liliinuka upande wa kwao Wegesa, ngumi juu ya ngumi. Mwalimu alicheka kwa furaha.

"Wamerudi. Nani ataniambia kwa nini?"

"Kwetu kuna ng'ombe, mwalimu," Wegesa alisema, na moyo wake ukatulia. Duara limetema dhahabu. Atasoma.

Alikimbia njia nzima. Boma lilijaa ng'ombe wenye alama za masikio asizozijua. Kando yake wazee wa kijiji cha Nyakunguru walikuwa wanakunywa pombe.

"Shikamooni."

"Marahaba," walijibu, wakimkagua kuanzia miguuni.

"Baba, duara limetema?"

Nyangwine hakumtazama. "Duara lile ni shimo tu, mwanangu. Ng'ombe hawa wameletwa na wakwe zangu. Salimia vizuri."

Wegesa alimgeukia mama yake. Mama alikuwa ameinamia jiko, anapuliza moto uliokwisha kuwaka. Hapo ndipo Wegesa alipolia, maana ng'ombe wa mahari wakishaingia bomani, neno la binti halina pa kupita.

Jumatatu hakwenda shule. Jioni yangeyange walipoinuka machungani, alinyoosha mkono kwa mazoea, akakunja ngumi, kisha akaushusha. Upepo ulileta sauti za wenzake kutoka uwanjani. Walikuwa wanahesabu kwa pamoja, na kila ngumi ilipoongezeka walishangilia.